Vilima vya Theluji Ulivyovisoma kwenye Makoti

Papa Neema,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, kwa hiyo nianze na yangu. Mimi mzima, ila magoti yananiuma, na kuna mfupa mmoja huku nyuma chini ya kiuno ambao sikujua kama ninao mpaka mwezi uliopita. Sababu ni wewe. Nimerudi kutoka kwa mwanao. Nimekwenda Ufini, nimefika kwenye vile vilima vya theluji kando ya maziwa, vile ulivyokuwa ukinihadithia miaka yote umekaa kwenye cherehani yako hapa Jules Street, Johannesburg, na nimeteleza juu yake kwa miguu yangu hii ya Tanga. Kusema kweli, zaidi nimeteleza kwa makalio.

La pili nikuambie mapema, maana hukupenda mtu anayezunguka. Nimevunja kiapo. Nimemwambia Neema. Nitakueleza ilivyokuwa, halafu utaamua mwenyewe kama mimi bado ni mtu wako.

Duka lipo. Niliogopa mwenye nyumba angenitoa baada ya msiba, lakini alikuja, akasimama mlangoni, akauliza kama nitaendelea, nikasema ndiyo, akaondoka. Kibao cha nje bado kina jina lako. Wageni wakiingia wakamuulizia Papa Neema nawaambia ndiye mimi, wanacheka, wanatoa suruali zao. Walinzi nao wanakuja bado, baridi ikianza kuuma, kutafuta makoti ya kusimama nayo getini. Ovaloki yako, ile mashine ya kupindia kingo iliyokuwa ikipiga kelele, nimeitengeneza. Siku ya kwanza ilipofanya kazi vizuri nililia, kwa sababu duka lilikuwa kimya mno.

Watu wananiuliza fundi wa Malvern alijuaje habari za kuteleza kwenye theluji. Nawaeleza habari ya makoti. Yalikuja kwenye mabelo ya mitumba, chaguwa kama mlivyoita ninyi wa Bukavu, makoti manene ya watu wa Ulaya, mekundu na ya kijani ya kuumiza macho. Tulibadilisha zipu, tukaweka viraka, tukawauzia walinzi. Na kwenye zipu za baadhi yake kulikuwa kumebaki tiketi ndogo ya kupandia kilimani, imefungwa kwa kamba, imeandikwa jina la mahali. Mafundi wote wa mtaa huu walizikata wakazitupa. Wewe ulizisoma. Neema alikuwa ameshahamishiwa Ufini na mumewe kwa mpango wa wakimbizi, nawe ukamwomba kwa simu akutajie vilima vyote vilivyo karibu na mji wake, ukayaandika majina kwa chaki ukutani. Tangu siku hiyo kila belo likifunguliwa, mikono yako ndiyo ilikuwa ya kwanza kwenye zipu. Kwa miaka kumi na moja tulipokea tiketi za Austria, za Italia, za wapi na wapi. Zilizotoka upande wa Neema zilikuwa saba, nawe ukazipigilia misumari juu ya cherehani.

Kwa tiketi saba ukajenga nchi nzima. "Tanga," uliniambia, maana jina langu la Zuhura ulilitumia siku za hasira tu, "angalia hapa. Hii kilima inavutaka watu ku kushoto." Kisa, makoti ya kile kilima kikubwa yalikuwa yamelika mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Ya kule ziwani zipu zilikuwa zimekufa juu kabisa, shingoni, ukasema pale pana upepo na watu wanajifunga mpaka kidevuni. "Miye natoka Bukavu, najua upepo ya ziwa." Na suruali zilizokuja na makoti ya kile kidogo zilikuwa zimelika nyuma, ukasema pale ni pa wasiojua, wanaanguka tu. Nikakucheka. Nikakuambia tangu lini mshona nguo akapiga ramli ya milima. Hukunijibu, ulichukua kiraka nilichoshona asubuhi ile, ukanirudishia nifumue nianze upya.

Papa Neema, wacha nikushukuru hapa katikati kabla sijafika kwenye mabaya. Nilikuja kwako na begi moja na mkono uliozoea kusuka nywele, sijui hata kutia uzi kwenye cherehani ya umeme. Saluni ya Bellevue iliyonileta mji huu ilikuwa imefungwa, na mimi nalala kwenye chumba cha watu sita. Hukuniuliza kabila wala karatasi. Uliniuliza kama nimekula. Na Ramadhani ya kwanza, wewe mzee wa kanisa mwenye sauti ya kwaya, ulikuwa ukitoka nje kula mkate wako kwenye kibaraza cha spaza, kile kiduka cha jirani, kwa baridi ya mwezi ule, ili usile mbele yangu. Jua likikaribia kuzama ulikuwa unaniambia nizime mashine, na maji yangu yako pale. Sikukuambia wakati ule kwamba niliona. Niliona, na sijasahau.

Sasa kiapo.

Majina ya Neema na mumewe yalipotoka kwenye orodha ya kwenda Ufini, Neema alikataa kupanda ndege. Alisema hawezi kumwacha baba yake Johannesburg na ile karatasi ya ukimbizi inayofanywa upya kila mara, leo ipo kesho imekwisha. Ukamwambia kesi yako imeshakubaliwa, umepata makazi ya kudumu, na ukamwonyesha bahasha. Hakuifungua, alikuamini. Uliniambia mwenyewe kilichokuwemo ndani: risiti ya uzi. Akapanda ndege. Na alipokuita mara ya kwanza uende umtembelee, na alipokuita mara ya pili baada ya Aksanti kuzaliwa, ile karatasi haikuweza kuvuka mpaka wowote, na wewe hukuweza kusema kwa nini. Ungesema, angejua aliondoka kwa uongo. Ukamwambia kazi ni nyingi. Mwaka kesho. Halafu tena mwaka kesho. Simu zikawa fupi, ikawa ni salamu na habari za hali ya hewa.

Neema aliamini umemkasirikia kwa kukuacha. Ulijua anaamini hivyo, na ulivumilia, ukaona afadhali akudhanie mgumu wa moyo kuliko ajute kupanda ile ndege. Uliniapisha Jumapili moja umetoka kanisani, mara ya kwanza kwa dini yangu na mara ya pili kwa dini yako, ili nisipate pa kupenya. Nilikuona mzee mwenye kiburi. Nilikuambia pia, ukanijibu kwamba mimi sina mtoto na kwa hiyo ninyamaze. Iliniuma siku hiyo. Leo nakusamehe, kama bado hukujua kwamba nilishakusamehe.

Ulipofariki, mimi ndiye niliyeshika simu pale makaburini ili Neema aone. Watu wa kanisa lako waliimba vizuri, na wale walinzi walikuja na makoti uliyowashonea. Lakini kwenye sikio langu kulikuwa na sauti ya mwanao tu, akirudia neno moja. "Papa, ulikataa kuja." Mara ngapi sikuhesabu. Simu niliishika vibaya, nadhani aliona mbingu zaidi ya alivyoona kaburi.

Baada ya arobaini akanipigia. Alisema anataka kumwona mtu aliyekaa na baba yake. Akanitumia mwaliko na tiketi, na pasipoti yangu ya Tanzania, ambayo ulikuwa ukiitazama kwa wivu hata kama ulikataa, ikapigwa mhuri. Nikang'oa tiketi zako saba ukutani, nikazitia kwenye kopo la vifungo, nikaenda.

Nikupeleke basi, maana hata wewe ungetaka kujua kwanza habari za vilima.

Ukifika na mtu asiyejua, anzia kile kidogo. Kiko pembeni ya mji wa Neema, basi la mji linashusha watu chini yake. Kuna kibanda cha mbao wanakokodisha viatu na zile mbao za kutelezea. Msichana akanipima mguu, akaniuliza kilo zangu mbele za watu, nikapunguza tano. Vile viatu havikunji kifundo, unatembea umeinama mbele kama unayetafuta ulichoangusha. Kuna mkeka wa mpira unaokwenda wenyewe, unasimama juu yake unapandishwa taratibu, na hapo wanafundishwa watoto na mimi. Mwalimu wangu alikuwa mjukuu wako. Aksanti ana miaka tisa, ana paji lako la uso, na ana tabia yako ya kukunja mikono ukikosea. Anasikia Kiswahili lakini hajibu kwacho. Mimi nasema Kiswahili, yeye anajibu Kifini, na tunaelewana kwa kuonyeshana magoti. Nilianguka mpaka mzee mmoja akawa anasimama kunipa mkono kila alipopita.

Na zile suruali zilizolika nyuma, ulikosea. Upande wa pili wa kilima kuna mteremko wa watu wanaoteleza bila mbao, wamekaa kitako, watoto na mama zao na mababu, wanapiga kelele mpaka chini, halafu wanapanda tena kwa miguu. Si kwamba hawajui, wanafurahi tu. Neema alinitazama nikikagua suruali za watu kwa nyuma, akaniuliza natafuta nini. Nikasema nitamwambia baadaye.

Kile kikubwa kiko mbali kidogo, safari ya zaidi ya saa moja kwa gari katikati ya misonobari, na kila baada ya muda unaona ziwa jingine lililoganda. Kina hoteli chini yake na nyumba ndogondogo za mbao za kupangisha, kila moja na chumba chake cha mvuke. Kama ungeenda, ningekuambia ulale pale siku mbili, si moja, kwa sababu siku ya kwanza yote inaishia kwenye woga. Viti vinaning'inia kwenye waya, vinapita bila kusimama, unakaa haraka au kinakupiga nyuma ya magoti. Juu kabisa unaona maziwa pande zote, meupe, na visiwa vyeusi vya miti ndani yake. Ungesimama pale ungenyamaza, wewe uliyekulia kwenye kilima kilichotazama ziwa.

Na pale chini, kabla ya kupanda viti, nikaona jibu la mkono wa kushoto. Kuna geti. Tiketi za kamba hubaki kwenye zipu tangu zamani, lakini siku hizi kila mtu anaweka kadi kwenye kile kimfuko cha mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, na kila akitaka kupanda anausugua mkono kwenye chuma mpaka geti lifunguke. Kutwa nzima, kila baada ya dakika kumi. Kilima hakimvuti mtu popote. Unakumbuka kimfuko kile? Sisi tulikiita mfuko wa nauli ya teksi. Tulikiwekea zipu mpya, tukakisifia kwa walinzi, tukawaambia Wazungu nao wanapanda teksi, ndiyo maana wamewekewa. Miaka kumi na moja tunauza mfuko wa nauli. Nikaanza kucheka pale kwenye foleni, nikashindwa kuacha, watu wakanipisha. Neema akataka kujua, nikamweleza habari ya teksi tu, si habari ya tiketi. Akacheka pia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu anipokee uwanja wa ndege, na anacheka kwa pua, kama wewe.

Pa tatu ni ziwani penyewe. Hakuna kilima cha maana, ni kijiji, na njia mbili zilizochorwa kwenye theluji zinazokata juu ya barafu mpaka ng'ambo. Mbao zake ni nyembamba, ni za kutembelea, na hapo hata mimi niliweza. Kuna kibanda wanachoma soseji, ambazo sikula, na wanauza juisi ya moto ya matunda mekundu ya porini, nikanywa vikombe vitatu. Mwenye magoti mabovu apelekwe pale. Wewe ungependa pale kuliko kote.

Tulipofika katikati ya ziwa upepo ukaja. Papa Neema, ulikuwa sahihi. Ulitoka ng'ambo bila kuzuiwa na kitu, ukaingia shingoni, na sote watatu tukavuta zipu mpaka kidevuni kwa wakati mmoja. Nikasema bila kufikiri, "Papa Neema aliujua upepo huu."

Neema akasimama. Aksanti alikuwa ametangulia mbali. Akaniuliza, "Aliujuaje, na hakutaka kuja?"

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimezoea. Lakini uso wake ulikuwa vilevile kama sauti ile ya makaburini, na nikaona kwamba nikinyamaza hapa nitakuwa nakuzika mara ya pili, safari hii nikiwa peke yangu. Nikavua glovu, nikatoa lile kopo la vifungo, nikammiminia tiketi saba kiganjani. Nikamweleza mabelo, chaki, misumari, viwiko. Halafu nikamweleza ile karatasi. Nikamweleza bahasha na kilichokuwemo.

Akakaa chini palepale kwenye barafu, mbao zimekwenda huku na huku. Akalia ameziba uso kwa glovu. Na alipomaliza kulia akakasirika, na alikuwa na haki. Alisema, "Mimi nilikuwa na pasipoti. Mimi ningekuja." Akasema hakuja kwa sababu alidhani hutaki kumwona. Hesabu yako yote, Papa Neema, ya nani asafiri na nani hawezi, hukuwahi kuuliza upande wa pili. Na mimi nilikaa pembeni yako miaka yote natia uzi. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia kosa la mzee amelibeba mzee, na langu nimelileta mwenyewe mpaka hapa.

Aksanti aliturudia mbio, amemwona mama yake chini, anauliza kwa Kifini. Neema akamjibu kwa Kifini, maneno mengi, sikuambulia kitu. Mtoto akanigeukia. Akafikiri kwanza, midomo inajaribu. Akasema kwa Kiswahili, neno moja moja, "Babu... alipenda... kuja kwetu?"

Nikamwambia, "Sana."

Akazichukua tiketi zile akayasoma majina yote. Yale majina uliyokuwa ukiyavunjavunja mpaka nikakuzuia usiyaseme mbele ya wateja, aliyatamka kama anavyotamka jina lake. Kote alishafika. Kimoja, alisema mama yake akitafsiri, kimefungwa siku hizi, theluji haitoshi tena.

Siku mbili Neema hakunisemesha zaidi ya karibu chakula. Siku ya tatu asubuhi alikuja jikoni, akakaa, akasema nimwambie wewe ulikuwa unakula nini, unaimba nini ukishona, ulikuwa unalala saa ngapi, nani alikufulia ulipougua. Nikamwambia yote. Tulikaa pale mpaka Aksanti akarudi kutoka shule. Hakusema amekusamehe na mimi sikumuuliza. Alisema tu, "Papa alikuwa mjinga sana," na alilisema kwa upendo, nakuapia, ingawa najua viapo vyangu havina thamani kwako sasa.

Nakushukuru kwa kazi uliyoniachia mikononi. Nakushukuru kwa yale maji ya kufuturu. Nakushukuru hata kwa kunifumulisha viraka, maana nisingejua kutazama mkono wa koti, nisingejua kucheka pale getini, na nadhani bila kicheko kile mwanao asingenifungulia moyo.

Jana Neema amenitumia ujumbe wa sauti. Anakuja Julai, yeye na Aksanti. Nimemwonya wavae nguo nzito, asidhani Johannesburg ni joto kwa sababu ni Afrika. Nitawapokea mimi. Nitamkalisha kwenye kiti chako, nitamleta mpaka ulipo, na akiniuliza neno lolote juu yako nitamjibu kweli, hata lile ambalo ungependa ninyamaze. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na safari hii nimempa yeye, si wewe.

Kwaheri, Papa Neema. Mwanao anajua ulitaka kwenda. Lala sasa.

Mimi,
Zuhura, Tanga wako